Amplifaya ya Stoo

Kwa muda wa miaka 12 nilikuwa nikipeleka redio yangu Ushirombo kutengenezwa. Hapa Runzewe tunao mafundi wa redio, tena hodari, na mmoja wao ana benchi lake hatua chache kutoka stendi ya mabasi, kwenye kibaraza cha duka la pembejeo. Mke wangu aliniuliza mara nyingi kwa nini nalipa nauli ya kwenda na kurudi kwa kazi ya shilingi 3,000, nami nikamjibu kuwa fundi wa Ushirombo ana mkono mwepesi. Huo ulikuwa uongo. Fundi wa stendi alikuwa mwanafunzi wangu, na mwaka 1983 nilimfukuza shule.

Msomaji aniwie radhi nikianzia mbali.

Nilimaliza chuo cha ualimu huko Mwanza mwishoni mwa 1973, nikapangiwa shule ya msingi ya kijiji kimoja cha huku. Wakati huo tulikuwa Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Wilaya ya Bukombe ilikuja baadaye, na Mkoa wa Geita umezaliwa juzi tu, 2012, hivyo nimekaa mikoa miwili bila kuhama. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wamesogezwa barabarani, nyumba nyingi hazijaezekwa, na usiku kijiji kilikuwa na ukimya wa watu wasiojuana. Ndipo ikaja bendi.

Ilitoka Tabora. Haikuwa Tabora Jazz wala Kiko Kids wala nyingine yoyote ambayo msomaji ataikumbuka, na sitaitaja jina kwa sababu iliondoka na deni. Walikuja na lori moja bovu, wanamuziki wasiopungua kumi, jenereta, na amplifaya mbili. Dansi lilipigwa katika ghala la pamba la chama cha ushirika, kwani vyama vilikuwa bado vipo, vilivunjwa 1976. Nilikuwa kijana wa miaka 23. Nilikuwa nimesikia magitaa redioni kama kila mtu, lakini redioni gitaa huwa limekwisha kupita kwenye tepu, kwenye mitambo ya Dar es Salaam na kwenye spika yenye upana wa kiganja. Usiku ule nilisimama hatua tatu mbele ya amplifaya ya mpiga solo. Alipogusa nyuzi polepole sauti ilitoka safi kama maji ya mtungi. Alipotia nguvu, ilikwaruza kidogo pembeni, kama sauti ya mwimbaji aliyeimba usiku kucha na bado hataki kukaa. Haikupasuka. Ilikwaruza tu, na kila noti ilichelewa kufa.

Karibu na alfajiri jenereta iliruka, taa ziliwaka kupita kiasi, na amplifaya ile ikanyamaza na kutoa harufu.

Kwa wasomaji vijana nieleze kwamba enzi zile bendi ilikuwa ni vyombo. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Jeshi na Polisi walikuwa na zao. Mwanamuziki, hata awe hodari vipi, aliajiriwa kama karani, na alipoacha kazi aliliacha gitaa palepale. Amplifaya haikuwa kitu cha kununua dukani na kukibeba kwapani. Kwa hiyo wale mabwana walipoona hawana fedha za kumlipa mama lishe wala za kulipia dizeli ya ushirika, wakaweka rehani amplifaya iliyoungua, wakasema watarudi kuikomboa, watu wote waliamini. Mtu haachi nusu ya bendi yake njiani. Shule ndiyo iliyokuwa na stoo yenye kufuli, basi ikawekwa kwetu. Mwalimu Mkuu wa wakati ule akaandika katika leja: Amplifaya 1, mbovu. Hawakurudi.

Mwaka 1979 nilikabidhiwa ualimu mkuu, na leja pamoja nao.

Sasa nifike 1983. Waliokuwa watu wazima mwaka ule wanakumbuka vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoanza mwezi Machi. Sabuni haikuwapo, betri za redio hazikuwapo, na ghafla mtu mwenye madebe mawili ya mafuta ya kula alikuwa mhujumu. Tulisikia wafanyabiashara wanatupa mali mitoni usiku. Hofu ilifika mpaka kwetu vijijini, na ikaja taarifa kwamba stoo za shule zote zitakaguliwa. Mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa. Juu ya jiko la nyumba yangu kulikuwa na mabati 6 ya shule. Niliyachukua msimu wa mvua uliotangulia kwa nia ya kuyarudisha, kama wachukuaji wote.

Wiki hiyohiyo mlinzi akaniletea mvulana wa darasa la saba aliyekutwa ndani ya stoo jioni. Alikuwa ameingia kwa dirisha. Amplifaya ilikuwa imefunguliwa mgongo, na mfukoni mwake alikuwa na vali nne za kioo, amezifunga katika kitambaa kwa uangalifu kama mayai. Nilijua kwamba kijana huyo alikuwa na gitaa lake la ubao, nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli zilizofumuliwa, na kwamba alikuwa mtundu wa mambo ya umeme kuliko mwalimu wetu wa sayansi. Sikumwuliza alikuwa akifanya nini. Nilikuwa nimepata mwizi, na mtu aliyekamata mwizi hakaguliwi jikoni kwake. Nilimchapa viboko sita mbele ya gwaride la asubuhi. Kamati ya Shule ikakubali afukuzwe, maana kamati ilikuwa ikinikubalia kila jambo, na nikaandika katika daftari la uandikishaji kwa wino mwekundu, mkabala na jina lake: Amefukuzwa, wizi. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa haujafika miezi miwili. Wakaguzi walikuja, wakaona wino mwekundu, wakasifu.

Yule mvulana akaenda machimboni, upande wa Bulyanhulu. Huko alikaa mpaka wachimbaji wadogo walipoondolewa 1996, kisha akazunguka machimbo mengine, na baruti na makarasha vikala masikio yake. Mwaka 2011, mwaka niliostaafu, alifungua benchi pale stendi. Nikaanza safari zangu za Ushirombo.

Lililonirudisha kwake ni gitaa la mjukuu wangu. Kijana huyu ana miaka 17 na anapiga solo katika kwaya. Gitaa lake ni la umeme, la bei nafuu, na hupitishwa moja kwa moja kwenye mashine ya vipaza sauti vya kanisani, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mhubiri. Gitaa linatoka kavu, jembamba, kama mtu anagonga bilauri. Nilikuwa nimezoea kumwambia kwamba hilo silo gitaa, kwamba nimewahi kusikia gitaa, naye alikuwa amezoea kunisikiliza kwa adabu huku akitazama simu. Siku moja mwaka 2023 waya wake ukakatika, akaupeleka stendi bila kuniuliza. Akarudi akasema, "Babu, fundi anakusalimu. Anasema ile amplifaya ya stoo bado anaikumbuka."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, bila kusimama, maana alikuwa na risasi ya moto mkononi. Nikamjibu marahaba. Akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, lakini lazima useme naye kwa sauti kubwa ndipo asikie, na pale kibarazani palikuwa na abiria wanaongoja basi. Kuna maneno ambayo hayawezi kupigiwa kelele. Basi nikasema tu kwamba kijana wangu anataka gitaa lake litoe sauti kama ile ya ghalani 1974. Akacheka. Yeye mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka mitano, alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake nje ya ghala, na anadai anaikumbuka. Sibishi. Mimi mwenyewe nakumbuka mambo mengi ambayo sikuwapo.

Amplifaya yenyewe haikuwapo tena. Mchwa walikula sanduku, panya wakala karatasi za spika, na miaka ya 1990 wanunuzi wa vyuma chakavu wakamaliza shaba. Lakini fundi alikumbuka maandishi. Ilikuwa Vox, ya aina iitwayo AC30, iliyobuniwa na Dick Denney katika kampuni ya Jennings ya Dartford, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndiyo aina waliyoitumia The Shadows na baadaye The Beatles. Mjukuu wangu alitutafutia mchoro wake wa sakiti kwenye simu, na nilishangaa kuona jinsi ulivyo mdogo. Vali nne za mwisho zinaitwa EL84, na kwa pamoja zinatoa wati 30, ndiyo maana ya hiyo 30. Spika ni mbili, za inchi 12. Kumbe EL84 ni ya Philips, na ilikuwa humohumo ndani ya zile redio kubwa za sanduku zilizokuwa sebuleni kwa wamisionari na mabwana shamba. Jambo hilo lingekuja kuwa na maana baadaye.

Kununua amplifaya ya namna ile hakukuwa na mjadala. Pensheni ya mwalimu inajulikana. Fundi alisema tutatengeneza kisanduku cha kuwekwa sakafuni kati ya gitaa na mashine ya kanisani, kinachobonyezwa kwa mguu, ambacho kitafanya kazi kwa betri ya volti 9 na kuiga tabia za vali bila kuwa na vali hata moja. Alisema watu wa Ulaya na Marekani wanajitengenezea visanduku hivyo majumbani mwao, tena kwa vipande vichache kuliko vilivyomo kwenye redio ya mkulima.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nilifundisha sayansi darasa la sita na la saba kwa miaka mingi, na sikuwahi kuielewa vali mpaka nilipoketi kwenye kigoda kile.

Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani, katikati, kuna chuma kinachopashwa moto mpaka kinarusha elektroni. Nje yake kuna sahani yenye umeme wa volti mia kadhaa inayozivuta. Kati ya viwili hivyo kuna wavu. Umeme mdogo wa gitaa ukiingia kwenye wavu, unaachia na kuzuia ule mkondo mkubwa, kama mtoto anavyoweza kuachia maji ya lambo kwa kuinua kibao kidogo. Mpiga gitaa akizidisha nguvu, vali haikatai ghafla. Inaanza kuchoka. Inazungusha vichwa vya mawimbi, tena upande mmoja kabla ya mwingine, na uchovu huo ndio ule mkwaruzo mtamu. Transista ya kawaida ikizidiwa hulikata wimbi kama panga, na sikio hulitambua panga. Kisha ipo spika. Spika ya gitaa ni karatasi nzito, haipitishi vizuri sauti kali zilizo juu ya hetzi 5,000 hivi, kwa hiyo makali yote yaliyobaki huishia pale. Wanaoiga amplifaya wakasahau kuiga spika hupata sauti ya nyuki ndani ya chupa. Nasema hivyo kwa sababu tuliipata.

Jaribio letu la kwanza lilitumia transista mbili za kawaida kutoka redio iliyokufa. Mke wangu alitoka jikoni akauliza nani anakata bati. Neno bati lilinichoma kwa sababu nilizozijua mwenyewe.

Fundi akasema tunahitaji transista ya jamii nyingine, iitwayo feti. Hiyo nayo ni transista, lakini huongozwa na volti mlangoni kama vali inavyoongozwa kwenye wavu, na nayo huchoka polepole. Zimo ndani ya redio kaseti za zamani, katika sehemu ya kunasa FM. Na redio kaseti zilizokufa, Runzewe tunazo. Alikuwa na magunia mawili nyuma ya duka. Tatizo ni kwamba feti hazifanani. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kutofautiana kama mapacha wawili darasani. Kila moja lazima ipimwe, kisha irekebishwe kwa rezista ndogo ya kuzungushwa mpaka mguu wake wa juu usome volti 4.5, yaani nusu ya betri, ili wimbi lipate nafasi sawa ya kupanda na kushuka. Kazi ya kupima nilipewa mimi.

Basi kwa majuma matatu nilikaa pale kibarazani na mita ya fundi na daftari la mistari, nikiandika: namba, volti, maoni. Nilipima 31. Zilizofaulu ni 9. Moja ilinipa 4.5 asubuhi na 3 mchana jua lilipofika, nikaandika "Hana msimamo". Fundi alipochungulia daftari alicheka mpaka akaweka chini chuma cha kulehemu. Abiria walinizoea. Wengine walikuwa wanafunzi wangu, sasa wana wajukuu, na walifurahi kumwona Mwalimu anasahihisha vyuma. Mzee mmoja alinisalimu "mwangaluka" kila asubuhi na kuniuliza kama zimefaulu ngapi.

Tulitumia feti tatu, moja nyuma ya nyingine, na kati yake kapasita za kupitisha sauti na kuzuia umeme wa betri. Ya kwanza inakuza tu. Ya pili inaanza kuchoka. Ya tatu inachoka kabisa. Volumu moja mbele inaamua zichoke kiasi gani, nyingine nyuma inaamua kelele itoke kiasi gani. Mwishoni tuliweka spika ya uongo, rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 3.3, ambazo kwa pamoja huanza kupunguza sauti zilizo juu ya hetzi 4,800. Hesabu hiyo niliipiga mwenyewe kwa mkono, na fundi akaihakiki kwa kichwa. Kwa kichwa, nasema. Mtu ambaye sikumruhusu kufanya mtihani wa hisabati.

Kelele kubwa zilitokea juu ya ile kapasita. Fundi hasikii tena sauti za juu. Mimi nina miaka 74, nazisikia kiasi. Sisi wawili tuliona sauti ni nzuri, mnene na tamu. Mjukuu akasema, "Babu, mmeiua." Tukabadilisha kapasita, yeye akafurahi, mimi nikaona inachoma, fundi hakuona tofauti yoyote. Akatutazama tunavyobishana, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetazama mpira kupitia dirisha. Kisha akaweka kiganja chake juu ya karatasi ya spika na kumwambia kijana apige tena. Akasikiliza kwa mkono. Akasema ile ya kwanza inatetemeka vizuri zaidi. Tulirudi kwenye ile ya kwanza, na kijana akapewa swichi ndogo ya kuiondoa akitaka, suluhu ambayo ilipaswa kufikiriwa mapema.

Jumba la vitu hivi lilikuwa kopo la biskuti. Kabla ya kuliunganisha na waya wa ardhi, kisanduku kilianza kuongea. Tulisikia mtu akisoma bei za mazao. Kumbe sakiti iliyokuza umeme mdogo kiasi kile, bila kufunikwa vyema, inakuwa redio. Fundi alilehemu waya mmoja kwenye bati la kopo, na msomaji bei akanyamaza. Ile swichi ya mguu ililetwa na basi kutoka Mwanza na kugharimu kuliko vitu vingine vyote kwa jumla.

Siku hiyo ya kulehemu waya ilikuwa jioni, stendi imepungua watu, umeme umekatika, na tumekaa tu tunangoja. Nikaona kwamba kama sisemi leo sisemi tena. Nikasogea karibu na sikio lake la kushoto, ambalo ni afadhali, nikamwuliza alikuwa akifanya nini mle stoo.

Alijibu bila haraka. Alisema alikuwa ameona katika mabaki ya redio moja ya sanduku, iliyotupwa na wamisionari, vali mbili zenye maandishi EL84. Alikuwa ameona maandishi hayohayo kupitia matundu ya mgongo wa amplifaya. Zile nne za mfukoni alizitoa ili azilinganishe, aone zipi zimekufa. Mwenge wa Uhuru ulikuwa ulale kata yetu mwezi uliofuata, na Mwenge huja na jenereta. Alitaka siku hiyo aiwashe amplifaya mbele ya shule.

"Na zile mbili nzima?" nikauliza.

"Nilizitupa chooni, Mwalimu. Siku ile ya fimbo."

Tukakaa. Nikamwambia kwamba nilimwogopa mkaguzi. Nikamwambia habari za mabati 6, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu, ambaye aliyapika chini yake miaka yote akidhani niliyanunua Kahama.

"Mabati tulikuwa tunayaona," alisema. "Yalikuwa na rangi ya shule. Darasa zima tulikuwa tunayaona."

Umeme ukarudi. Akachukua chuma cha kulehemu, akakigusisha kwenye sponji yenye maji kuona kama kimepata moto.

Kisanduku kilipigwa kwanza Jumapili moja ya mwezi Septemba. Je, kilikuwa sauti ya ghalani? Hapana. Msomaji asitegemee niseme vingine. Ilikuwa kama kumwona mtoto wa rafiki aliyefariki. Paji la uso ni lilelile, mwendo ni wake mwenyewe. Kijana alipopiga polepole sauti ilikuwa safi, alipotia nguvu ilikwaruza pembeni, na noti zilichelewa kufa, si kwa muda ule, lakini zilichelewa. Mhubiri alilalamika kwamba gitaa limekuwa na dhambi. Kwaya nyingine mbili zimekwisha kuagiza vyao, na fundi amenunua makopo.

Baada ya hapo ndipo aliponiomba kitu, mara ya kwanza tangu nianze kukaa kwenye kigoda chake. VETA wana mpango wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani, na anataka kwenda. Alitaka barua tu, kutoka kwangu, kuonyesha kwamba aliwahi kusoma shule fulani mpaka darasa la saba. Alisema huenda hata haihitajiki, ila angependa kuwa nayo.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu Mkuu wa sasa ni binti ambaye hakuwa amezaliwa 1983, alinipokea kwa heshima na kunifungulia kabati. Daftari lipo. Karatasi zimekuwa na rangi ya chai, wino wa bluu umefifia karibu kupotea. Mwekundu haujafifia. Nilimwuliza kama inaruhusiwa kusahihisha. Akasema, kwa upole, kwamba daftari ni la serikali na halifutwi, lakini anaweza kuniruhusu niandike maelezo pembeni, niweke tarehe na sahihi. Nafasi iliyokuwapo pembeni ilikuwa na upana wa vidole viwili. Nikaandika: "Hakuiba. Alikuwa akitengeneza." Mkono ulinitetemeka, na maandishi yangu, ambayo wanafunzi walikuwa wakiyaiga, yalitoka kama ya mtoto wa darasa la pili.

Barua niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, na zaidi ilinihusu mimi. Niliyompelekea ina mistari sita, inataja mwaka aliosajiliwa, darasa alilofikia, na inasema kwamba aliondolewa shuleni kwa kosa la Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye anayetia sahihi hapo chini. Aliisoma akiwa amesimama, akiisogeza karibu na macho. Akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kopo tupu la biskuti, juu ya rafu, akaweka kifuniko. Kisha akaniuliza kama bado ninayo mita yake, kwa sababu kuna feti 20 zimeletwa kutoka Masumbwe na hazijapimwa.